Aliyeutia Mbio Wimbo wa Asha

Agosti 1997 bendi ya Cornershop ilitoa wimbo uitwao "Brimful of Asha" katika soko la Uingereza. Ulishika nafasi ya 60 kwenye chati ya mauzo, kisha ukaporomoka. Februari 1998 wimbo huohuo, wa mtunzi yuleyule, kwa maneno yaleyale na sauti ileile ya mwimbaji, ulikuwa namba 1. Uliuengua kileleni wimbo wa Celine Dion wa filamu ya Titanic, ukakaa hapo wiki moja, halafu ukampisha Madonna. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na rimiksi ya Norman Cook, mchanganyaji muziki wa mji wa Brighton ambaye wengi wanamfahamu zaidi kwa jina la Fatboy Slim. Watu wanaokisimulia kisa hiki huwa na maelezo mafupi: wimbo ulikuwa umelala, DJ akauamsha. Naona maelezo hayo yanamdhulumu mtunzi, tena yanamdhulumu hata huyo DJ anayesifiwa. Wimbo haukuwa umelala. Ulikuwa umewekwa chumbani ilhali mwili wake ulikuwa wa uwanjani, na aliyeutoa nje alifanya kazi ya aina ileile ambayo wimbo wenyewe ulitungwa kuisifu: kazi ya mtu asiyeonekana, anayempa uhai yule anayeonekana.

Ili hoja hii ieleweke, tuanze na huyo Asha. Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo humwazia binti wa jirani, maana kwetu Asha ni Aisha aliyezoea midomo ya Waswahili. Asha wa wimbo huu ni Asha Bhosle, mwimbaji wa filamu za Kihindi aliyezaliwa mwaka 1933, mdogo wake Lata Mangeshkar. Na kwa Kihindi jina lake lina maana ya tumaini, kwa hiyo kichwa cha wimbo kinacheza na maana mbili, kujaa pomoni Asha na kujaa pomoni tumaini. Asha, Lata na Mohammed Rafi, ambao wote wanatajwa katika wimbo, walikuwa waimbaji wa nyuma ya pazia. Katika sinema za Bombay mwigizaji hufungua kinywa tu mbele ya kamera. Sauti inayotoka imerekodiwa studio na mtu mwingine. Utaratibu huo ulishika mizizi tangu miaka ya 1930, na kwa muda mrefu watengenezaji wa filamu hawakuona sababu ya kumtaja mwenye sauti. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake uliovuma kuliko zote iliandikwa kwamba mwimbaji ni Kamini, na Kamini alikuwa mhusika wa kwenye filamu, mtu asiyekuwepo duniani. Wasikilizaji waliandika barua redioni wakitaka kumjua mwenye sauti, ndipo jina la Lata Mangeshkar, msichana wa miaka 19 au 20 hivi, lilipotangazwa. Hata tuzo za Filmfare, zilizoanza mwaka 1954, hazikuwa na fungu la waimbaji hadi 1959.

Miongoni mwa wenye sauti hao, Asha alikuwa na fungu lake. Nyimbo za heshima, za mchumba mpole na mama mwenye machozi, mara nyingi zilikwenda kwa dada yake. Asha alianza kwa kupewa makombo, na makombo hayo yalikuwa nyimbo za wanawake wachezaji, wa kumbi za usiku, wa mizaha na vishawishi. Kwa watunzi kama O. P. Nayyar, na baadaye R. D. Burman, aliyageuza kuwa karamu. Nyimbo zake za filamu za Teesri Manzil ya mwaka 1966 na Caravan ya mwaka 1971 zina pumzi, vicheko na mikatiko ya sauti ambayo mtu hawezi kuisikiliza akiwa ameketi kimya. Sisemi kwamba hakuweza mengine. Ghazali alizoimba katika Umrao Jaan mwaka 1981 zilimpa tuzo ya taifa. Lakini jina lake, kwa mamilioni waliokulia ndani ya nyimbo hizo, lilikuwa jina la sauti inayochezwa. Jambo hili lina uzito mkubwa katika kesi yetu, na ajabu ni kwamba wanaolalamika kuwa rimiksi iliugeuza wimbo wa heshima kuwa ngoma ya disko hawaligusi kabisa. Wimbo wa kumsifu Asha Bhosle usiochezeka ulikuwa na deni kwake.

Cornershop nao wana asili yao, na asili hiyo inapitia kwetu. Bendi iliundwa mwaka 1991 mjini Leicester, na kiongozi wake, Tjinder Singh, alizaliwa Wolverhampton katika familia ya Kipunjabi. Leicester ni mji ambao Wahindi wa Afrika Mashariki waliujaza maisha. Walianza kufika kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960; kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilifikia hatua ya kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Walikwenda. Mtaa wa Belgrave Road ukawa wa sari, vito, peremende na kanda za nyimbo za filamu, na nyuma ya kaunta nyingi ungeweza kukuta mtu aliyezaliwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, anayehesabu pesa kwa Kigujarati na kutania kwa Kiswahili. Jina la bendi linatokana na kejeli ya Waingereza kwamba kila Mhindi ni mwenye duka la pembeni mwa mtaa, kejeli ambayo sisi tuliotumia maneno "duka la Mhindi" bila kufikiri hatuhitaji kufasiriwa. Vijana wale waliichukua kejeli wakaivaa kifuani. Mapema miaka ya 1990 walichoma picha ya mwimbaji Morrissey mbele ya ofisi za kampuni yake ya muziki, wakipinga jinsi alivyokuwa akichezea alama za utaifa wa Kiingereza. Muziki wao wa siku hizo ulikuwa wa makelele na magitaa yanayokwaruza, wenye hasira iliyo dhahiri.

Kufikia albamu ya mwaka 1997, When I Was Born for the 7th Time, hasira ilikuwa imeiva ikawa kitu kingine. Ndani yake mna wimbo wa Beatles, "Norwegian Wood", ulioimbwa kwa Kipunjabi, na mna "Brimful of Asha". Toleo la awali la wimbo huo lina urefu wa zaidi ya dakika tano. Gitaa linapiga kodi chache kwa kurudia, ngoma inatembea bila haraka, na Singh anaimba kama mtu anayezungumza na rafiki barazani: anawataja waimbaji, anataja mabwawa yanayojengwa na serikali, anataja lebo za santuri alizozipenda, ikiwemo Trojan iliyotoa rege. Kisha kinakuja kibwagizo kuhusu santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika na kifua cha kuegemeza kichwa. Ni wimbo wa kusikiliza taratibu, na waliousikiliza waliupenda. Wasikilizaji wa kipindi cha John Peel cha BBC waliupigia kura ukawa wa kwanza katika orodha yao ya mwaka 1997. Mtu anaweza kunipinga papo hapo: wimbo uliopendwa hivyo ulipuuzwa vipi? Jibu ni kwamba kulikuwa na nyumba mbili za kusikilizia muziki. Katika nyumba ndogo, ya wapenzi wa dhati wanaokesha na redio, wimbo ulikuwa mfalme. Katika nyumba kubwa, ya maduka, kumbi na redio za mchana, ulipita nafasi ya 60 kama mgeni asiyekaribishwa chai. Sisi tuna methali isemayo mcheza kwao hutunzwa, na shida ya wimbo huu ilikuwa hiyo hasa: haukuwa umefikishwa kwao.

Alichofanya Norman Cook kinaweza kuelezwa kwa maneno machache, na uchache huo ndio unaonishawishi. Aliongeza kasi, na sauti ya Singh ikapanda pamoja nayo, ikawa nyepesi na ya ujana zaidi. Aliweka ngoma nzito za mtindo uliokuwa ukitawala kumbi za Brighton wakati huo, akafupisha wimbo hadi dakika nne hivi, na akakisogeza mbele kile kibwagizo cha santuri ya 45, akakirudiarudia hadi kikawa uti wa mgongo. Hakuandika neno. Hakuleta mwimbaji mwingine. Alikuwa mtu wa kazi hiyo kwa miaka mingi: alipiga gitaa la besi katika bendi ya Housemartins, iliyofika namba 1 mwaka 1986, na mwaka 1990 akafika tena kileleni na kundi lake la Beats International. Alijua kusikia, ndani ya wimbo wa mtu, mahali ambapo mguu unataka kugonga chini ukazuiwa. Katika "Brimful of Asha" mahali hapo palikuwa kwenye kibwagizo. Santuri ya mizunguko 45 ni kitu kinachozunguka kwa kasi. Kukiimba kwa mwendo wa kutembea kulikuwa na utamu wake, lakini maneno yenyewe yalikuwa yakiomba mzunguko. Cook aliyasikiliza maneno kuliko wengi wanaomtuhumu kwamba aliyafunika.

Kesi hii haiko peke yake, na nyingine mbili zinanisaidia kuipima. Mwaka 1987 Suzanne Vega aliweka katika albamu yake wimbo wa "Tom's Diner", ameuimba bila ala yoyote, sauti tupu. Vijana wawili wa Uingereza waliojiita DNA waliichukua sauti hiyo bila ruhusa, wakaipandisha juu ya mdundo wa mtindo wa Soul II Soul, wakachapa santuri za magendo. Kampuni ya Vega, A&M, ingeweza kuwashtaki; ikainunua kazi yao na kuitoa rasmi mwaka 1990, ikafika namba 2 Uingereza na namba 5 Marekani. Mwaka 1994 Tracey Thorn na Ben Watt wa Everything But the Girl walitoa "Missing", wimbo wa huzuni kuhusu mtu aliyehama na mlango wake usiojibu tena. Ulifika nafasi ya 69. Todd Terry, mtayarishaji wa muziki wa hausi kutoka Brooklyn, aliuwekea mdundo wake, na mwaka uliofuata ukapanda hadi namba 3 Uingereza. Marekani ulifika namba 2 na ukabaki kwenye chati ya nyimbo 100 bora kwa wiki 55. Zitazame tatu hizi kwa pamoja. Katika zote, sauti ya mwimbaji iliachwa na upweke wake, ucheshi wake, upole wake. Kilichobadilishwa ni ardhi iliyo chini yake. Na katika "Missing" mabadiliko hayo yaliongeza huzuni, kwa kuwa mtu anayemtafuta aliyepotea katikati ya umati unaocheza yuko mpweke kuliko yule anayemtafuta akiwa kitandani. Kama rimiksi ingekuwa rangi ya kufunika ukuta mbovu, sauti hizi zisingekuwa ndizo kitu ambacho watu wanakikumbuka mpaka leo.

Kuna pingamizi la wafanyabiashara, nalo si la kudharauliwa. Wanasema kilichouza ni jina la Fatboy Slim na nguvu ya matangazo, muziki ni kisingizio. Tarehe zinakataa. Februari 1998 Cook alikuwa anajulikana vizuri ndani ya kumbi za dansi, lakini umma mpana haukuwa umemzoea kwa jina hilo. "The Rockafeller Skank" ulitoka Juni mwaka huo, albamu yake kubwa ikafuata baadaye mwaka huohuo, na "Praise You" ukafika namba 1 Januari 1999. Kwa hiyo wimbo wa Asha ulitangulia umaarufu huo, na pengine ulimsaidia Cook kuliko jina lake lilivyousaidia wimbo. Wala Wiiija, lebo iliyoutoa, haikuwa kampuni ya kuitikisa nchi kwa matangazo. Ninakubali kwamba bahati ilikuwepo, kama inavyokuwepo katika kila kibao. Mtindo wa ngoma nzito ulikuwa umefika wakati wake, na miezi kumi mapema au baadaye huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini rimiksi nyingi za mtindo huohuo zilitolewa msimu huohuo zikazama, na tofauti ya hii ni kwamba ilikuwa na wimbo ndani.

Pingamizi zito zaidi ni la maana. Linasema hivi: kijana Mwingereza aliyelewa ukumbini, akipiga kelele jina la Asha bila kumjua Asha ni nani, ameupora wimbo. Historia ya watu waliohamishwa, ya waimbaji walionyimwa majina, ya matusi ya mtaani, imegeuzwa kiitikio cha Ijumaa usiku. Hoja hii inaniuma kwa sababu imebeba ukweli. Si kila aliyecheza alijua. Hata hivyo inadai kwamba maana ya wimbo hukaa katika maelezo yake pekee, na watu wa pwani yetu wana sababu ya kulitilia shaka dai hilo. Filamu za Kihindi zilijaza sinema ya Majestic ya Unguja na kumbi za Mombasa katika miaka ya 1950 na 1960, na watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Walirudi nyumbani na mahadhi. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake kwa kuyachukua mahadhi hayo na kuyavika mashairi ya Kiswahili yenye mafumbo ya Kimvita, na taarabu ya mtindo huo ikapigwa harusini na watu waliojua na wasiojua ulikotoka muziki wake. Alibadilisha maneno akabakiza muziki. Cook alibadilisha muziki akabakiza maneno. Sijasikia mtu wa Mombasa akidai kwamba Bhalo aliiua sinema ya Kihindi. Alichofanya ni kuipa makao ya pili. Na tukirudi Uingereza, tusisahau kilichotokea hasa katika wiki ile ya Februari: nchi ambayo mji wake mmoja uliwasihi watu hawa gazetini wasiende huko ilikuwa ikiimba, redioni na mitaani, jina la mwanamke wa Bombay, likitoka kinywani mwa mtoto wa wahamiaji wa Kipunjabi. Mwaka uliotangulia jina hilo lilikuwa limetajwa kwa ufasaha uleule na kusikiwa na wachache. Maana haikai vizuri mahali ambapo haisikiki.

Linabaki pingamizi la tatu, ambalo sitalikanusha lote. Rimiksi iliukweza wimbo, haikuikweza bendi. Wimbo uliofuata wa Cornershop, "Sleep on the Left Side", ulifika nafasi ya 23, na baada ya hapo hawakukaribia tena kilele. Waandishi wavivu waliwaweka kwenye kabati la bendi za wimbo mmoja, na kwa msikilizaji wa kawaida ule mmoja wenyewe ni wa Norman Cook. Ni hasara ya kweli, maana albamu ya 1997 ina utajiri ambao wengi waliocheza hawakuufungua. Lakini tukisema kwamba dansi ililazimishwa juu ya watu wasioitaka, tunakosea. Singh na mwenzake Ben Ayres walikuwa na kundi jingine, Clinton, na mwaka 1999 walitoa kwa jina hilo albamu yenye neno disko katika kichwa chake, ya muziki wa kuchezwa mwanzo hadi mwisho. Miguu yao ilikuwa ikitaka kwenda huko muda wote.

Swali la nani anastahili nini katika kazi ya mikono miwili ni la zamani kuliko rimiksi, na watu waliotajwa katika wimbo huu waliligombania wao kwa wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lata Mangeshkar alidai kwamba mwimbaji wa filamu apate sehemu ya mapato ya santuri kila zinapouzwa. Mohammed Rafi hakukubaliana naye. Kwa maoni yake mwimbaji akishalipwa ujira wake, kazi imekwisha. Walikosana hata wakaacha kuimba pamoja kwa miaka kadhaa, na wapenzi wa filamu wakanyimwa sauti hizo mbili katika wimbo mmoja. Kwa desturi ya biashara ya muziki, mchanganyaji amekaa mahali alipopataka Rafi: hulipwa kwa kazi, na haki ya utunzi hubaki kwa mtunzi. Katika "Brimful of Asha" mtunzi ni Tjinder Singh peke yake, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa wimbo ulikuwa mzima kabla ya Cook kuugusa. Lakini santuri ya 1998 haikurudia kosa la ile ya Mahal. Kwenye lebo yake, kando ya jina la wimbo, limechapishwa jina la mtu aliyeutia mbio.